Mama Mkwe Anamwona Marehemu Ndani ya Darubini Yangu

Mama Iman, salaam aleikum, na Ramadhani njema kwako na kwa wote wanaokusoma. Naomba unijibu mapema kuliko unavyowajibu wengine, kwa sababu mama mkwe wangu anatoka eda katika kumi hili la mwisho la mfungo, na siku hiyohiyo shemeji zangu wanakuja nyumbani kwangu na nyundo.

Nianze na mie ni nani, usije ukanidhania ni mtu wa kumeza kila kinachosemwa. Naitwa Mudrick, nakaa Bungu, kando ya barabara, nina mashine ya kusaga na banda la vipuri vya baiskeli. Sikurithi hata msumari. Nilianza kwa kuwauzia korosho za kukaanga abiria wa mabasi ya Kusini yaliyokwama matopeni, na ruksa ya biashara ilipokuja nikatafuta mashine iliyochakaa, nikaifungua peke yangu, nikaifunga peke yangu, na mpaka leo nikiisikia inalia nakwambia ni mkanda au ni beringi kabla sijainuka kitini. Kitu nakiamini nikishakipima. Kilichonileta kwako ni kwamba safari hii nimepima, nimepima tena, na hesabu inakataa.

Darubini niliipata kwa Mzungu wa mradi wa barabara aliyekuwa anafungasha kurudi kwao, akatoa nje friji, vitanda, baiskeli na bomba moja jeupe lenye miguu mitatu, watu wakagombea friji, mie nikachukua bomba. Urefu wake unanifika kifuani. Chini kabisa, ndani, kuna kioo kilichobonyea kama sahani, hicho ndicho kinachokusanya mwanga wa nyota, na karibu na mdomo kuna kikioo kidogo kinachourusha ubavuni, kwa hiyo huchungulii mwishoni kama kwenye darubini za askari, unachungulia pembeni. Tangu hapo kila uani kwangu kukitulia baada ya Magharibi mie nipo na bomba. Nimeona mabonde ya mwezini. Nimeona vinyota vinne vinavyoizunguka sayari ya Mshtarii vikipokezana nafasi, leo vitatu huku na kimoja kule, kesho viwili kwa viwili. Mke wangu Shamsia alikuwa akiwaambia wenzake kuwa ana mke mwenza wa bati.

Mtu mmoja tu hakunicheka, naye ndiye marehemu, baba mkwe wangu, Mzee Sharifu wa Ngorongo. Presha ilipoanza kumsumbua niliwachukua yeye na mkewe, Bi Mwanaamina, wakaja kukaa kwangu, chumba chao chenye dirisha la uani, na kila jioni alitoa kiti chake cha kamba akakiweka karibu na bomba akasubiri zamu yake. Siku nilipomwonyesha Zohali na ile pete yake alitazama mpaka machozi yakamtoka, kisha akaniambia, "Mkwe, nyota yako imevaa kata." Alimaanisha kata ile ya kitambaa, wanayoviringisha wanawake kichwani wakibeba ndoo. Akacheka kwa hilo wiki nzima. Ikawa ndiyo nyota yake, kila mgeni akija anaambiwa aje aone nyota iliyojitwisha ndoo isiyoonekana.

Alifariki kabla ya vuli, jioni, palepale uani. Alikuwa ametoka kutazama, akakaa kitini, akaniuliza mbona kata imekonda, nikamwambia ni vumbi tu mzee, nikaingia ndani kutafuta kitambaa laini, na niliporudi alikuwa ameinua uso kama mtu anayesikiliza kitu cha juu, macho yako wazi, hayupo.

Sasa nisikilize hapa, Mama Iman, maana kesi yote imeanzia hapa. Wanawake walipoingia walifanya kama wanavyofanya siku zote, kioo cha kabati kikatupiwa kanga, kioo cha bafuni kikageuziwa ukutani, hata kile kidogo cha kunyolea ndevu wakakilaza kifudifudi, na wanaume wakamwosha mzee nyuma ya mapazia uani. Na bomba langu lilibaki palepale limefumbua mdomo, karibu kabisa na mapazia, usiku kucha mpaka tukamzika, na hakuna aliyelifunika kwa sababu hakuna aliyejua kuwa ndani yake mna kioo. Mie nilikuwa nahangaika na mchanga, mbao na magari ya wageni. Shemeji zangu wanasema nilijua. Nilijua, ndiyo, kama ninavyojua kuwa ndani ya redio mna sumaku, lakini nani anakumbuka sumaku siku ya msiba?

Siku ya arobaini alikuja Abdalah, mtoto mkubwa wa marehemu, mchana kweupe, akaenda kuchungulia mdomoni mwa bomba kama mtu anayechungulia kisima. Akarudi nyuma mpaka akaangusha birika. Alisema mle ndani kuna jicho moja, kubwa, limejaa bomba lote, linamtazama. Nikamwambia shemeji, hilo ni jicho lako mwenyewe, kioo kilichobonyea kinalikuza ukikikaribia namna hiyo. Nilidhani nimemaliza. Kumbe shangazi mmoja aliyekuwa anachambua mchele akaacha kuchambua, akauliza taratibu, "Kumbe ni kioo?"

Nikasema ni kioo.

"Na siku ile kilifunikwa?"

Tangu arobaini hiyo mie si Mudrick tena, ni yule aliyemfungia mkwewe kwenye bomba.

Haya, hilo ningelimeza. Watu wa Bungu wamenisema sana, walinisema nilipofunga mashine na wakaja kusaga hapohapo. Lakini siku chache baada ya arobaini Shamsia alinijia akasema mama anaomba kuonyeshwa nyota ya baba. Nikaona ni jambo la huruma, mtu yumo edani, haendi popote, uani ndiko kutoka kwake. Nikaielekeza Zohali kwa kulenga juu ya bomba tu, bila kuchungulia, nikasogea mpaka ukuta wa jikoni kwa kuwa mkwe ni mkwe, siwezi kusimama naye bega kwa bega, naye akaja na kaniki yake, akainama, akatazama. Alikaa muda mrefu mno, Mama Iman. Nyota haikai muda huo ndani ya darubini, dunia inazunguka, inabidi usukume bomba kidogokidogo ndipo uendelee kuiona, na yeye hakugusa bomba. Nikajua anatazama giza. Halafu akasema, si kwangu, kwa Shamsia, "Baba yenu ameivua kata. Ameishika mkononi."

Alipoingia ndani nilikwenda, nikaielekeza upya, nikatazama. Zohali ilikuwepo. Pete haikuwepo.

Usifikiri sikuchunguza. Nilifuta lenzi, nikatazama tena, nikageuzia mwezi, mwezi uko safi, kila bonde na kivuli chake, nikarudi Zohali, kidonge cheupe kitupu, kama kichwa cha msumari. Jioni iliyofuata hivyohivyo. Mwezi mzima hivyohivyo. Kwenye kijitabu kilichokuja na darubini imechorwa ikiwa na pete, na mie mwenyewe nimeiona misimu miwili, na kijitabu kinasema pete hiyo dunia ingeweza kubingirika juu yake ikabaki nafasi. Kitu cha ukubwa huo kimekwenda wapi?

Ikawa mama anatoka kila jioni. Shamsia alimuuliza anamwonaje, akajibu kama mtu anayeeleza habari ya sokoni, kwamba baba yenu amesimama kichwa chini miguu juu, kama popo, lakini kanzu haimporomoki, imekaa sawa, na ndevu zake zimetulia kifuani. Hapo, nikwambie ukweli, ndipo nilipoanza kumsadiki. Kwa sababu darubini ya namna hii hupindua kila kitu. Nikielekeza kwenye kibao cha mashine yangu mchana, herufi zinakuja miguu juu. Nyota ni nukta, haina juu wala chini, kwa hiyo anayetazama nyota tu hawezi kulijua hilo, na mama hajawahi kutazama kingine. Mtu anayejitungia angemwona mumewe amesimama wima. Yeye anamwona vile ambavyo kitu cha kweli kingeonekana.

Na alikuwa anakaribia. Mwanzo mama alisema ana kimo cha punje ya mchele. Baadaye kidole. Baadaye ameona vifungo vya kanzu.

Ramadhani ilipoandama, jioni ya tatu au ya nne, aliinama kutazama akainuka mara moja. Akasema hayumo tena. Shamsia akashusha pumzi, na mie kule ukutani nikashusha pumzi. Kumbe mama amegeukia kile kiti cha kamba, anakitazama, halafu akamwambia mwanawe, "Mpe baba yenu maji kwanza, ndiye aliyetoka mbali."

Tangu siku hiyo futari inatengwa mara mbili. Tende na uji vinawekwa mbele ya kiti. Mama naye anakunywa maji, anakula tende moja, anasema amekwishashiba wakiwa wawili. Amekonda mpaka bangili alizovua zingempita mkono mzima. Na kiti, niamini au usiniamini, kinabonyea. Niliweka kijiti chini ya kamba mchana, kikisimama bila kugusa, na baada ya futari kijiti kimepinda. Sikumwambia mtu. Nimekuandikia wewe tu.

Nyota yenyewe inashuka. Kila wiki tukifuturu naikuta chini zaidi magharibi, siku zile Zuhura ilipopita jirani yake nilipima kwa vidole nilivyonyoosha, na sasa vimepungua nusu. Kabla ya Idi au baada yake kidogo itakuwa imezama kwenye mwanga wa jua hata darubini isiione. Mama analijua hilo bila kuambiwa na mtu. Juzi alimtuma Shamsia afungue sanduku, atoe sanda yake aianike. Shamsia akauliza kwa nini. "Nyota ikizama tunaondoka. Hajaja kukaa."

Hapo ndipo nilipo. Abdalah na nduguze wamepanga kuja na mtu wa kusoma dua, wavunje kioo, vipande wakavizike Ngorongo kaburini, na wanasema nikizuia watanipeleka kwenye baraza. Hawa hawakuleta hata paketi ya dawa mzee alipokuwa anaumwa, leo wanaleta nyundo. Mama anasema wakikivunja wamemfungia mumewe nje na yeye atamfuata usiku huohuo. Shamsia anasema nisipokivunja anaondoka na mama yake. Wanawake wanapita mlangoni kwangu na ndoo zao za mahindi kwenda kusaga kwa mwenzangu ng'ambo ya barabara. Nyumba niliyoijenga tofali kwa tofali kila mtu anajua cha kuifanyia isipokuwa mimi mwenyewe.

Nivunje au nisivunje? Ningevunja jana, Wallahi, kioo si roho yangu, kama ningekuwa na hakika kuwa mama atabaki hai. Na swali la pili naliuliza kwa sauti ndogo: ile pete imekwenda wapi?

Wako, Mudrick, Bungu.

MAMA IMAN ANAJIBU

Mudrick, waaleikum salaam. Nimekupa nafasi ya mtu mwingine wiki hii, kwa hiyo usome mpaka mwisho, usiishie pale panapokufurahisha.

Kioo hakivunjwi. Nimemuuliza sheikh ninayemuuliza siku zote, ameniambia mwenye eda amekatazwa kujipamba, hakukatazwa kioo, na kugeuza vioo siku ya msiba ni adabu ya bibi zetu. Mimi mwenyewe nageuza, na nitaendelea kugeuza, lakini sijasikia adabu inayomfunga marehemu ndani ya bati. Mwambie Abdalah hivyo kwa niaba yangu. Mwambie pia aje siku mbili kabla, bila nyundo na bila msomaji, afuturu na mama yake. Hajamwona anavyokula. Akimwona mikono hatakumbuka bomba.

Swali lako la sauti ndogo nimelipeleka kwa mwalimu wa chuo kikuu pale Mlimani anayefundisha mambo ya anga. Alianza kwa kucheka, nilipomsomea barua akaacha. Anasema pete ya Zohali ni pana ajabu lakini nyembamba kuliko unavyoweza kufikiri. Chukua sahani ya bati uiinue mpaka usawa wa macho: utaona ukingo wake tu, na ukingo ukiwa mwembamba vya kutosha hutaona kitu. Kila baada ya miaka kama kumi na mitano hivi pete hiyo inatugeuzia ukingo. Mwaka huu ndio wake. Haijang'oka, na haikushikwa na mtu mkononi. Bi Mwanaamina amesikia habari ya kata kwa mumewe mwaka mzima, akaenda kutazama, akaona kichwa kitupu, akasema alichokiona. Macho yake ni mazima kuliko yako.

Na sasa nikukaripie kidogo. Mzee alikuuliza mbona kata imekonda. Ilikuwa imekonda kweli. Wewe, mpimaji, ukamwambia ni vumbi, ukaingia ndani. Umeandika kurasa nzima kuhusu shemeji zako na nyundo yao, na hilo ukalipitisha kwa mstari mmoja kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya mdai wake. Nadhani ndilo linalokufanya usimame kwenye ukuta wa jikoni. Hukukosa kitu, baba. Kitambaa ungekikuta au usingekikuta, saa yake ilikuwa imefika. Lakini mzee alikuwa sahihi, na yuko mtu mmoja ndani ya nyumba yako anayestahili kuambiwa hivyo, naye hujawahi kumsemesha uso kwa uso tangu matanga. Kila neno linapita kwa Shamsia. Unaona haya ya mkwe? Mama mkwe ni maharimu wako mpaka kiyama, eda haikuzuii kukaa naye. Umepima kamba, umepima nyota, yeye hujamuuliza hata amelalaje.

Kuhusu kiti: kamba ya usumba iliyonyeshewa vuli nzima hulegea, na umande wa jioni unaiongezea uzito. Nadhani ni hivyo. Usiikaze kwa sasa.

Kuhusu kichwa chini miguu juu, nilitaka kukuambia kuwa marehemu alimweleza mkewe, maana wewe na yeye mlielekeza bomba hilo kila mahali, na waliooana zaidi ya miaka arobaini huambiana mengi kitandani. Labda. Lakini sijui, na sitajifanya najua. Mimi nilikaa eda ya baba yake Iman. Mwezi wa tatu nikawa namsikia anakohoa msalani kila asubuhi, kikohozi chake kilekile cha sigara, na maji yanamwagika. Dada yangu hakuita mtu wala hakunibishia. Aliweka vikombe viwili vya chai, akakaa nami. Siku moja nikagundua nimevinywa vyote viwili. Sikwambii itakuwa hivyo kwenu. Nakwambia nyundo haikuhitajika.

Kinachonitisha katika barua yako si bomba. Ni tende moja na sanda kwenye kamba ya kuanikia nguo. Kwa hiyo fanya haya, na ufanye kwa mpangilio huu.

Kesho asubuhi mpelekeni hospitali Mchukwi akapimwe. Eda haimzuii mgonjwa kwenda kwa daktari. Wakisema asifunge, asifunge, na Shamsia ndiye amwambie, kwa kuwa binti anasikilizwa katika hilo. Sanda ianueni, muikunje, muirudishe sandukuni mbele yake, bila maneno.

Jioni, baada ya futari, toka kwenye ukuta wako. Nenda mpaka kwenye kile kiti, umwambie, "Mama, naomba nikae." Akikuruhusu, kaa. Akikwambia kina mtu, usibishane naye na usimtazame Shamsia. Kaa chini kwenye mkeka, uwasalimie wote wawili, umwambie mzee palepale, kwa sauti, kuwa kata ilikuwa imekonda kweli na wewe ndiye uliyekosea. Nyamaza. Usikimbilie kujaza ule ukimya kwa maelezo ya vioo. Kama kuna kitakachosikika, mtakisikia nyote.

Baada ya hapo mweleze mama habari ya nyota, na usimdanganye. Atakuambia inazama; mwambie ndiyo, inazama, inapita nyuma ya jua kama kila mwaka. Mwambie na inakorudia. Mwalimu amenihesabia: karibu na Idi ya kuchinja, kabla ya adhana ya alfajiri, upande wa mashariki, itakuwa imetoka tena, na pete itakuwa imeanza kutugeukia, uzi tu, lakini uzi wenye kuonekana. Mama mkwe wako amepanga safari, Mudrick, na mwenye safari huwezi kumzuia kwa kumvunjia chombo. Mpe sababu ya kuahirisha. Mwambie mumewe aliiona kata ikikonda akaondoka kabla haijarudi, na katika nyumba hiyo hakuna mwingine mwenye haki ya kuipokea isipokuwa yeye. Mwombe akuahidi alfajiri hiyo moja. Usiombe zaidi ya hiyo.

Siku ya kutoka eda aoshwe, avae nguo zake, mashangazi wamwimbie, na bomba lifunikwe kwa kanga mpya mpaka wakati wake. Shamsia haondoki. Mashine isipopata wateja kwa mwezi mmoja haitakufa.

Na alfajiri hiyo ikifika, uielekeze mwenyewe, usogee pembeni, uache atazame yeye wa kwanza. Akikawia, sukuma bomba polepole ili nyota isimtoke. Akiinuka, usimuulize amemwona nani.

Mama Iman.